Kupe wa Norcross

Mume wangu aliitwa Orrin Norcross, na kwa miaka kumi na minne palikuwa na kupe aliyeitwa kwa jina lake. Ukitaka kucheka, cheka. Kisiwa kizima kimeshacheka na mimi bado nipo.

Tuelewane kwanza juu ya huyo kupe. Si yule mkubwa wa mbwa, anayevimba kama punje ya maharage akishashiba. Huyu ni wa kulungu, na kabla hajakomaa hafikii hata punje ya ufuta. Kwa sababu yake, kiangazi chote tunatembea tumechomeka suruali ndani ya soksi kama vichaa, na jioni kabla ya kula tunakaguana. Mume anamkagua mke, mke anamkagua mume, mama anawakagua watoto. Unasimama jikoni karibu na dirisha, unavua, unainua mikono, unageuka. Wale wageni wa kiangazi wanaokuja na feri kukodi nyumba huona aibu. Sisi hatuoni. Kuna ndoa hapa ambazo kukaguana ndiko pekee kulikobaki.

Mimi na Orrin hatukuwa hivyo, nashukuru. Orrin alikuwa fundi wa mapaa, mwezekaji wa vigae vya mbao ya mwerezi kama baba yake na babu yake. Mgongo wake ulikuwa mpana, wenye madoadoa ya jua, na niliujua kama ninavyoijua sakafu ya jiko langu. Wakati mmoja alianguka kutoka paa la kanisa, wengu ukampasuka, madaktari wa bara wakautoa. Alipopata nafuu akapanda tena paa lile lile. Nilimpigia kelele hadi sauti ikanikauka. Akasema, "Lovina, kona ya mashariki sikuipigilia misumari. Itavuja." Akaenda akaipigilia.

Kumbe mtu asiye na wengu hapaswi kuumwa na kupe wetu. Hilo hatukulijua wakati ule, wala daktari wetu hakulijua. Jioni moja ya Julai nilimkuta kupe chini ya bega la kushoto la Orrin. Nikamtoa kwa kibanio, nikamtumbukiza kwenye kichupa chenye pombe ya jini kama tulivyofanya kwa wote, tukala viazi na samaki. Baadaye homa ikampanda. Daktari akaitazama damu yake kwenye darubini, akaona vidudu ndani ya chembe, akauliza Orrin alipigana wapi wakati wa vita. Akaambiwa Pasifiki. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika: malaria ya zamani imerudi. Orrin akapewa dawa ya malaria, ambayo kwa ugonjwa ule ilikuwa sawa na kupewa maziwa. Mwishoni kumeza kulimshinda, nikawa nakaa naye namdondoshea maji mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone. Alikufa Jumapili mchana, madirisha yako wazi, watu wanapita na miavuli yao wakitoka ufukweni.

Sikulia. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Unajua mkono ulioulalia usiku: unaugusa, unaona ni wako, lakini hauna habari nawe. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Watu waliniletea pai, nikala pai. Walisema nina moyo wa jiwe, wengine wakasema nina nguvu za ajabu, na wote walikosea. Nilikuwa na ganzi tu, na ganzi ile ilikaa mpaka nikasahau kwamba kuna namna nyingine ya kuishi.

Miaka minne baadaye akaja Profesa Stroud kutoka bara, mzee mrefu mwenye kofia ya nyasi, akauliza kama kichupa kile bado ninacho. Ninacho, kwa nini nisiwe nacho? Sikuwa nimetupa kitu. Hata viatu vya Orrin vilikuwa mlangoni. Profesa akakaa na kupe wangu siku nzima kwenye meza ya jikoni, akamtazama kwa kioo cha kukuzia, akampima mdomo, akamchora. Akaniambia kwamba kupe wa kisiwani si yule wa kusini ambaye vitabu vilikuwa vinamtaja siku zote. Huyu ni mwingine, hajapata jina. Na kwa kanuni zao, wa kwanza kumweleza mnyama katika kitabu ndiye anayempa jina, maneno mawili ya Kilatini, la kwanza la ukoo na la pili lake mwenyewe. Tena lazima pawe na mwili mmoja unaowekwa kwenye kichupa, uwe shahidi wa jina hilo milele. Alimchagua yule yule niliyemtoa mimi kwenye mgongo wa mume wangu. *Ixodes norcrossi*.

"Usichukie, Mama Norcross," akasema. "Ni heshima."

Sikuchukia. Kisiwani kwetu mtu hubaki kwa kitu chenye jina lake. Kuna Mwamba wa Mayhew, kuna Kidimbwi cha kina Tilton, ambao ndio ukoo wangu wa kuzaliwa, kuna hata kilima cha jamaa mmoja aliyekuwa mwizi wa kondoo. Kina Norcross walikuja hapa kuezeka nyumba za wengine, hawakuachiwa hata dimbwi la vyura. Orrin alikuwa wa mwisho wao. Hatukujaliwa mtoto. Nikifa mimi, jina limekwisha. Basi nikapewa kupe, nikampokea.

Nilikwenda kwa Asa Luce, mchonga mawe, rafiki wa Orrin tangu utoto, nikampa karatasi aongeze mstari kwenye jiwe la kaburi.

"Hii nini, shemeji?" akauliza. "Sala ya Kikatoliki?"

"Ni jina la kupe."

Asa akaweka patasi chini. "Kupe aliyemuua?"

"Huyo huyo."

"Lovina. Mtu akigongwa na lori, tunaandika namba za lori kwenye kaburi lake?"

"Chonga, Asa."

Akachonga, tena vizuri. Lakini toka siku ile posta yote inaniita Bi Kupe.

Verlene Mabry alikuja miaka sita iliyopita. Anatoka Georgia, kusini kabisa, msomi wa kupe, na alikuwa anatafuta chumba cha kiangazi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Verlene ilikuwa shuka jeupe la flaneli alilolikokota vichakani mchana kutwa ili kupe wajishike. Asa alimpungia mkono kutoka barabarani: "Binti! Kamba ya kuanikia iko upande wa pili wa nyumba!" Verlene akamjibu kwa sauti yake ya kuvuta maneno, "Asante, baba, naanika kwa chini, huku kunakauka polepole." Asa akampenda hapo hapo.

Jioni ya kwanza, kabla hajafungua begi, alikataa kukaa mezani.

"Bi Lovina, lazima nikwambie kilichonileta. Halafu ndiyo uamue kama chumba unanipa."

"Sema. Supu inapoa."

"Nataka kujua kama kupe wenu na kupe wa kwetu ni aina mbili au ni mmoja."

"Profesa alishasema ni wawili."

"Profesa alitazama sura. Mimi nataka kuwaoza."

Nikacheka, nadhani. Yeye hakucheka. Akanieleza kwa kutumia punda na farasi. Ukimpandisha punda kwa farasi unapata nyumbu, lakini nyumbu hazai, mstari unakatika hapo. Ndiyo maana punda ni punda na farasi ni farasi. Atawaoza kupe wa kaskazini na wa kusini. Watoto si hoja, watoto hata punda na farasi wanapata. Hoja ni wajukuu. Mayai watakayotaga wale watoto yakiangua, basi kupe hawa ni jamii moja, na jamii moja haiwezi kuwa na majina mawili. Linabaki lile lililotangulia kuandikwa.

"Na lipi lilitangulia?"

"La kusini. *Ixodes scapularis*. Zaidi ya miaka mia na hamsini kabla ya lenu."

"Na la Orrin?"

Akatazama sahani tupu. "Linaondoka, Bi Lovina."

"Chumba kina dirisha la mashariki," nikasema. "Jua litakuamsha mapema."

Usidhani nilikuwa mwema. Nilikuwa na uhakika. Watu wetu wa kaskazini na watu wao wa kusini walishapigana vita vizima kuthibitisha kwamba hawafanani. Kupe ndio wafanane? Niliwaza: acha apoteze muda wake, mwishowe jina la Orrin litakuwa limepigiliwa kwa msumari wa kusini, na hakuna atakayeling'oa.

Chuo chake hakikuwa na nafasi ya sungura, kwa hiyo sungura wakaja kukaa kwenye banda la zana la Orrin, pembeni ya vigae vyake vilivyobaki. Kupe wanalishwa kwenye masikio ya sungura, na ili wasitoroke sikio linavishwa mfuko wa kitambaa unaofungwa shingoni. Mifuko hiyo niliishona mimi, kwa mashati ya Orrin ya mistari. Miguu ya meza ya vizimba ilisimama ndani ya mabeseni ya maji ya sabuni, ili kupe atakayetoroka azame. Kila kiangazi nilikuwa nawapelekea sungura majani ya karoti, wamekaa pale na mistari ya bluu kichwani kama wazee wa kanisa, na nilifikiri Orrin angecheka.

"Shemeji, wale wa kusini wakitoroka?" Asa aliniuliza posta.

"Watajifunza kunyamaza kama sisi."

Watoto walizaliwa. Walikua polepole, maana kupe hana haraka, anakula mara tatu tu katika maisha yake. Kiangazi hiki wakakomaa, wakaoana wenyewe kwa wenyewe masikioni mwa sungura, majike yakashiba, yakadondoka, yakataga. Verlene akaniita bandani. Ndani ya vichupa vyembamba palikuwa na vilundo vya mayai ya kahawia yanayong'aa, kama mayai ya samaki aliyekamuliwa. Wajukuu. Tukayatazama pamoja. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na uhakika. Sasa, kwa jinsi yalivyong'aa, sikuwa nao tena.

Kisha simu ikaja kutoka Georgia kwamba mama yake Verlene ameanguka, amevunjika nyonga. Ilibidi aende, na mayai hayasafiri. Alinionyesha: vichupa vimesimama ndani ya mtungi wa kioo, kwenye kitako cha mtungi kuna tabaka la plasta ya jasi inayonyonya maji, plasta inadondoshewa maji asubuhi na jioni. Kupe anaweza kukaa na njaa mwaka mzima, lakini ukavu unamuua. Mayai yakikauka yananyauka, na mayai yaliyonyauka hayana tofauti na mayai ya nyumbu, kama nyumbu angetaga.

Alisimama mlangoni na begi.

"Ningeweza kumwita mtu kutoka chuoni."

"Atalala wapi?"

"Bi Lovina, unajua ninachokuomba?"

"Najua kusikia, binti. Nenda. Feri haimngojei mtu."

Akanikumbatia. Nikasimama tu, mikono chini, mpaka akaniachia.

Siku ile ile Asa alinikuta posta. Habari hapa husafiri kwa miguu minane. Akanivuta pembeni ya masanduku ya barua.

"Hayo mayai hayajinyweshi yenyewe, sivyo?"

"Hayajinyweshi."

"Na lile banda lina joto, mwezi huu."

"Sema unachotaka, Asa."

"Mimi sitaki kitu. Mimi ndiye niliyechonga lile jiwe, na sina hamu ya kurudi kulikwangua. Orrin amelala vizuri. Aliyelala usimwamshe." Macho yake mekundu ya vumbi la mawe yalikuwa yamelowa. "Hakuna mtu atakayejua, Lovina. Hata mimi nitasahau. Nikitoka hapa tu nitakuwa nimeshasahau."

Ni rafiki mzuri. Nilikuwa na hamu ya kumpiga na ya kumshukuru, na vyote viwili nilivihisi kwa mbali, kama redio ya jirani.

Nikayanywesha jioni ile, na asubuhi iliyofuata, na jioni yake. Sikuwa nimeamua lolote. Mkono ulikwenda wenyewe na kile kidondoshi, tone, tone, tone, na mara moja nikashtuka nimesimama pale nanong'ona, "Kidogo tu, mpenzi, kidogo tu," kama nilivyokuwa namwambia Orrin na kile kijiko. Nikafunga mdomo.

Halafu ikaja siku ya joto kali. Niliamka, nikachemsha kahawa, sikwenda bandani. Nilijiambia nitakwenda nikimaliza kahawa. Nikamaliza. Nikaosha kikombe, nikaosha na vingine vilivyokuwa safi. Jua likapanda, bati la mlango wa banda likaanza kulia kwa joto, na mimi nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, mikono mapajani. Ilikuwa rahisi mno. Sikutakiwa kufanya kitu. Nilitakiwa kukaa tu, na kukaa ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya tangu Orrin azikwe. Mpaka saa sita mchana yangekuwa yamekwisha, na Orrin angeendelea kuwa na kupe wake mpaka mwisho wa dunia.

Kutoka kwenye ngazi ile unaona paa la kanisa. Nimelitazama kila siku bila kuliona. Siku ile nikaiona kona ya mashariki. Vigae vyake vimekuwa vya kijivu kama fedha, vimelala sawasawa mpaka kwenye ukingo, hakuna kimoja kilichoinuka. Zile mvua kubwa zote, na lile paa halijavuja. Nikamwona mjinga yule na kovu lake bichi la tumboni, misumari mdomoni, amerudi mahali palipotaka kumuua kwa sababu kazi ilibaki nusu. Ningemwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba nimempigilia jina lake kwenye ubao uliooza?

Niliinuka, nikaenda bandani. Mayai ya pembeni yalikuwa yameanza kufifia. Nikadondosha maji, nikafunika mtungi kwa kitambaa kilicholowa, nikafungua mlango upepo uingie. Sikuhisi kwamba nimefanya jambo jema. Sikuhisi kitu.

Siku chache baadaye, asubuhi, kilundo kimoja kilikuwa kinapumua. Ndivyo nilivyoona: vumbi la kahawia linapanda na kushuka. Nikachukua kioo cha kukuzia cha Verlene. Walikuwa wanatoka kwenye maganda yao, mamia, wamekanyagana, kila mmoja na miguu sita, maana kupe mchanga ana miguu sita, miwili anaongezewa baadaye. Wajukuu. Wazima kabisa, wameshaanza kuinua mikono ya mbele kunitafuta mimi, damu yangu. Nilikuwa mtu wa kwanza duniani kujua, na nilikuwa nimekamata kioo cha mtu mwingine kwenye banda la mume wangu. Nikahakikisha vizibo vimekaza. Nikavaa kofia nikaenda makaburini.

Majani kule yalikuwa yamefika magotini. Jamaa wa kufyeka huanzia kwenye makaburi ya makapteni wa meli. Nikakaa chini, mgongo kwenye jiwe, maana miguu yangu si ya kusimama tena.

"Wameangua, Orrin," nikamwambia. Ilinibidi nimwambie mtu.

Jiwe lilikuwa la moto. Nilijaribu kulia kwa ajili yake, nikajaribu kweli kweli, nikakumbuka kijiko na madirisha na miavuli. Hakuna kilichokuja. Nikarudi nyumbani kupika supu ya chaza.

Verlene aliingia na feri ya mchana. Mama yake alikuwa anaendelea vizuri, anatukana wauguzi. Aliongea hivyo huku anavua koti, kisha akaniangalia usoni, akaenda bandani. Alikaa huko muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu kuona kupe. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Uliyanywesha," akasema.

"Uliniomba."

"Kuna yaliyokauka pembeni."

"Kuna asubuhi moja ilikuwa ndefu."

Alielewa. Alivuta kiti akakaa, mikono yake yote miwili juu ya meza. "Ninaweza kungoja, Bi Lovina. Sijaandika kwa mtu yeyote. Ninaweza kurudia jaribio zima tangu mwanzo, hakuna atakayeshangaa, ni miaka mingine kadhaa."

"Ungoje nife kwanza, siyo?"

Akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi.

"Andika," nikasema. "Kitu kikiwa nusu kinavuja."

"Jina halifutwi," akasema haraka, kama mtu anayetafuta sarafu mifukoni ampe mtoto. "Nataka ulijue hilo. Kwa kanuni zetu halifutwi kamwe. Linaandikwa chini ya lile la zamani, daima, kila kitabu cha maana kitalitaja. Na hakuna kupe mwingine atakayepewa. Linalala tu chini ya jina jingine."

"Mwanangu, mimi nilizaliwa Tilton. Najua jina linavyolala chini ya jingine."

Alicheka, akaziba mdomo, macho yakamjaa. Machozi yalimjia kirahisi namna ile, nikamwonea wivu.

"Na jiwe la kaburi?" akauliza. "Nitamlipa mzee Asa, kama unataka—"

"Jiwe liache. Wakipita wageni watadhani ni sala ya Kikatoliki."

Tukala. Supu ilikuwa na chumvi nyingi, akasema ni nzuri. Jua lilikuwa linashuka upande wa bandari, mwanga umeingia jikoni mpaka kwenye jiko. Nilipoinuka kutoa sahani, akaangalia soksi zangu. Mbegu za majani zilikuwa zimejaa.

"Leo ulikwenda wapi?"

"Kwa Orrin."

"Kwenye yale majani? Nani amekukagua?"

"Nina vioo viwili. Kimoja cha ukutani, kimoja cha mkono."

"Siku zote?"

"Kwani ulidhani nani?"

Miaka sita anakaa kwangu kila kiangazi, na kila jioni alijikagua chumbani kwake na mimi changu, kama watu wastaarabu. Aliweka leso yake mezani. "Vioo havifiki katikati. Njoo hapa dirishani, Bi Lovina. Geuka."

Ningeweza kukataa. Nina miaka sitini na saba, na ngozi imelegea kama pazia la zamani. Nikafungua vifungo, nikavua blauzi, nikamgeuzia mgongo, nikainua mikono kama inavyotakiwa. Sikuwa nimeinua mikono hivyo tangu Orrin.

Vidole vyake vilikuwa baridi kwa maji ya kuoshea vyombo. Alianzia shingoni, kwenye nywele, akashuka polepole, kama fundi anayepapasa ubao kutafuta ufa. Nyuma ya sikio. Bega. Bega la pili. Katikati ya mgongo, pale ambapo hata mimi sijawahi kupaona, akasimama.

"Tulia," akasema.

Nikasikia kibanio, kisha nikahisi kitu kidogo kikivutwa, na kuchoma kidogo. Nilikihisi vizuri kabisa. Aliniwekea mbele yangu, kwenye ncha ya kibanio, penye mwanga: mdogo kuliko ufuta, anakanyaga hewa.

"Ni nani huyu?" nikauliza.

Verlene alikawia. Mtu ambaye alivuka nchi nzima kwa ajili ya jibu hilo.

"Norcross," akasema.

"Usinidanganye nyumbani kwangu. Mwite jina lake."

Akalitaja, lile la kusini, kwa sauti ndogo. Akamtia kwenye kichupa. Nikasikia kizibo. Na mimi bado nilikuwa nimesimama dirishani na mikono juu, na mgongo wote, kila mahali vidole vile vilipopita, ulikuwa umeanza kuwasha, kama mkono uliolaliwa unapoamka, unauma hadi unataka kupiga kelele. Uso wangu ulikuwa umelowa. Sikujua ulilowa saa ngapi.

"Tayari, Bi Lovina. Unaweza kuvaa."

"Angalia tena," nikamwambia.

"Nimeangalia kote. Hakuna mwingine."

"Najua hakuna," nikasema. "Angalia tena."